Kupitisha Ramani ya Nyumba Mombasa: Mwongozo Kamili, Kuanzia Hati Hadi Cheti cha Kuhamia

Ramani ikirudishwa na kaunti, mwenye nyumba humlaumu mchoraji, naye mchoraji humlaumu afisa. Ukilifungua faili lenyewe, aghalabu utakuta ramani haina neno. Kilichoikwamisha ni karatasi zinazopingana: hati ina jina hili, kitambulisho kina lile, stakabadhi ya ada za ardhi ina namba ya kiwanja iliyokosewa tarakimu moja, mchoro unaonyesha kiwanja kipana kuliko kile kilichosajiliwa. Afisa hana ruhusa ya kukisia ipi ni ya kweli, basi anarudisha zote.

Kwa hiyo mwongozo huu unatumia muda mwingi kwenye karatasi kabla ya kufika kwenye ramani. Ni wa mtu anayejenga nyumba ya kuishi, au ghorofa chache za kukodisha, popote ndani ya Kaunti ya Mombasa: Mvita, Nyali, Kisauni, Likoni, Changamwe au Jomvu. Fuata hatua kwa mpangilio wake. Wengi wanaokwama walianza na hatua ya 4, wakarudi ya 1 baadaye, wakalipia mchoro mara mbili.

Na kabla hujamsikiliza fundi anayekwambia "bosi, tuchimbe tu, karatasi zitafuata": Sheria ya Mipango na Matumizi ya Ardhi ya mwaka 2019 inasema anayeanza ujenzi bila kibali anaweza kutozwa faini isiyozidi shilingi 500,000, au kufungwa kwa muda usiozidi miezi 2, au vyote viwili. Wachache hufika mahakamani. Wengi huishia kwenye alama ya X nyekundu ukutani na ilani ya kusimamisha kazi, mafundi wanarudi kwao na simiti inaganda ndani ya mifuko.

## Vitu vya kuwa navyo mkononi

Usianze kuzunguka ofisi ukiwa na nusu ya orodha hii.

- Nakala ya hati miliki, kurasa zote, pamoja na ramani ya upimaji iliyoambatanishwa nayo
- Matokeo ya upekuzi rasmi wa ardhi, ile "sachi", yaliyo ya hivi karibuni
- Kitambulisho na cheti cha PIN ya KRA cha kila aliyeandikwa kwenye hati
- Cheti cha kutodaiwa ada za ardhi za kaunti. Kwa hati ya kukodi, pia uthibitisho kwamba kodi ya ardhi ya serikali kuu imelipwa
- Kama kiwanja ni cha kampuni: cheti cha usajili, orodha ya wakurugenzi na azimio la kukubali ujenzi
- Ramani za usanifu na za miundo, zenye saini na mihuri
- Vyeti vya mwaka huu vya msanifu majengo na mhandisi
- Leseni ya NEMA, mamlaka ya mazingira, au angalau ushahidi kwamba ombi limeshapelekwa
- Idhini maalumu kama eneo lako linaihitaji (hatua ya 3)

Zote zichanganuliwe ziwe faili safi za PDF. Picha ya simu yenye kivuli cha mkono na kona ya meza hairuhusu mtu kusoma muhuri, na muhuri usiosomeka huhesabiwa haupo.

## Hatua ya 1: Safisha karatasi za ardhi

Hapa ndipo penye kazi. Ukipamaliza vizuri, zilizobaki ni subira na malipo.

Anza na upekuzi rasmi hata kama hati iko kabatini mwako tangu zamani. Hati inakuonyesha hali ilivyokuwa siku ilipotolewa. Upekuzi unakuonyesha ya leo: kama kuna rehani ya benki, kama kuna mtu ameweka pingamizi, kama kiwanja kilibadilishiwa namba. Benki ikiwa na rehani, utahitaji barua yake ya kukubali ujenzi. Pingamizi likiwepo, usiende mbele mpaka liondolewe.

Linganisha majina. Weka hati, kitambulisho, PIN na cheti cha ada za ardhi mezani, usome herufi kwa herufi. Hapa kwetu tatizo ni la kila nyumba: hati inasema Fatma, kitambulisho kinasema Fatuma, hati ina Mohamed, PIN ina Muhammad, hati ina majina mawili, kitambulisho kina matatu. Tofauti ndogo ya tahajia kwa kawaida hutatuliwa kwa hati ya kiapo mbele ya wakili, ikieleza kwamba majina yote mawili ni ya mtu mmoja. Jina likiwa limebadilika kabisa, kwa ndoa au kwa kusilimu, utahitaji hati ya kubadilisha jina iliyosajiliwa.

Linganisha namba ya kiwanja. Hati nyingi za Mombasa hutaja sehemu ya bara au kisiwa, kwa vifupisho kama MN au MS, kisha namba. Herufi hizo si pambo. MN ni bara ya kaskazini, MS ni bara ya kusini, na karani akiandika moja mahali pa nyingine, kiwanja chako cha Kisauni kimehamia Likoni. Iandike namba nzima kwenye karatasi moja kama ilivyo kwenye upekuzi, mpe kila mtaalamu utakayemtumia, na umwambie ainakili hiyo hiyo.

Hati bado iko kwa jina la marehemu. Kama kiwanja ni cha babu au baba aliyefariki, huwezi kuomba kibali kwa jina lako kwa sababu tu familia nzima inajua ni chako. Mirathi lazima ipite mahakamani kwanza. Familia za Kiislamu huweza kupitia Mahakama ya Kadhi, wengine huenda mahakama za kawaida, kisha uamuzi upelekwe kwa msajili wa ardhi ili hati ibadilishwe. Kama warithi ni wengi na mmoja tu ndiye anayejenga, pateni makubaliano ya maandishi yaliyotiwa saini na wote. Ndugu aliyenyamaza wakati wa msingi ndiye huleta zuio mahakamani wakati wa slabu.

Nyumba ni yako, ardhi si yako. Huu ni mtindo wetu wa Majengo, Kisauni, Likoni na kwingineko: mtu anamiliki nyumba, ardhi ina mwenyewe, na kila mwezi au mwaka analipwa kodi ya chini, yaani ya ardhi. Risiti za kodi hiyo hazikupi haki ya kuomba kibali cha kujenga upya kwa matofali. Mwenye ardhi lazima akubali kwa maandishi, na kwa jengo la kudumu ni busara kudai mkataba wa kukodi uliosajiliwa wenye miaka ya kutosha. Ikiwa ardhi ni ya wakfu, idhini inatoka kwa Tume ya Wakfu, wala si kwa msimamizi wa mtaa anayekusanya kodi. Kuna mafundi watakaokwambia jenga polepole usiku, ukuta mpya ndani ya ukuta wa udongo. Ukuta huo siku ukionekana huna karatasi hata moja ya kujitetea.

Lipa ada za ardhi. Watu husahau kwamba deni la ada hizi, zile "reti", hufuata kiwanja. Ulikinunua kikiwa na deni la miaka, deni ni lako sasa. Lipa, kisha uchukue cheti chenyewe. Risiti ya malipo peke yake haitoshi.

Utajua umemaliza hatua hii pale ambapo mtu asiyekujua akipewa karatasi zako zote ataona jina moja, namba moja na ukubwa mmoja.

## Hatua ya 2: Tafuta bikoni kabla ya kupima kwa hatua za miguu

Mwite mpima ardhi mwenye leseni akuonyeshe bikoni zote za kiwanja, yaani alama za mpaka. Sehemu nyingi za Kisauni, bikoni zimefukiwa, zimeng'olewa au zimeingia ndani ya ukuta wa jirani.

Sababu ni hesabu. Dalali anauza "hamsini kwa mia", yaani futi 50 kwa 100. Hiyo ni mita 15.24 kwa 30.48, takriban mita za mraba 464.5, na kwenye hati ingeandikwa kama hektari 0.0465. Lakini viwanja vingi vinavyoitwa hamsini kwa mia vimekatwa mita 15 kwa 30, na hati inasema 0.045. Mchoraji akiamini maneno ya dalali, upana wa kiwanja kwenye karatasi unazidi ule wa ardhini kwa sentimita 24. Nafasi ya wazi inayotakiwa kando ya nyumba inapungua kwa kiasi hicho, na afisa akilinganisha mchoro na hati anakuta ukubwa haulingani. Ramani inarudi.

Kwa hiyo mpe msanifu vipimo vya mpima ardhi, na uhakikishe ukubwa ulioandikwa kwenye mchoro ni ule ule wa hati.

## Hatua ya 3: Uliza unaruhusiwa kujenga nini

Nenda idara ya mipango ya kaunti ukiwa na namba ya kiwanja, uulize mambo manne: matumizi yaliyoruhusiwa, ghorofa ngapi, sehemu gani ya kiwanja inaweza kufunikwa na jengo, na umbali wa kuacha kutoka mpakani na barabarani. Uliza kwa heshima na uandike majibu. Sehemu za Nyali zilipangwa kwa nyumba za nafasi, na kuona ghorofa refu limesimama kwa jirani si ushahidi kwamba nawe utaruhusiwa. Huenda jirani alibadilisha matumizi kihalali. Huenda pia anangoja X yake.

Ukitaka kubadilisha matumizi, mathalani kutoka makazi hadi biashara, hilo ni ombi la pekee linalotangulia. Litahitaji ripoti ya mpangaji miji aliyesajiliwa, tangazo gazetini na bango kiwanjani ili majirani watoe maoni. Usichanganye ombi hilo na la ramani ukitumaini yote yatapita pamoja.

Kisha angalia kama kiwanja chako kiko mahali penye idhini za ziada:

Karibu na uwanja wa ndege. Changamwe, Chaani, Magongo, Port Reitz na maeneo yaliyo kwenye njia za ndege za Moi huhitaji idhini ya urefu kutoka Mamlaka ya Usafiri wa Anga, KCAA. Hesabu yao huchukua kilele cha jengo pamoja na tangi la maji na mlingoti juu ya paa. Wengi husahau tangi.

Kando ya barabara kuu. Barabara ya Malindi, ya Nairobi, ya Lunga Lunga na ile ya Dongo Kundu zina hifadhi pana kuliko lami unayoiona. Thibitisha mpaka wa hifadhi na KeNHA, mamlaka ya barabara kuu, au KURA kwa barabara za mjini. Vivyo hivyo kwa reli, nyaya za umeme wa nguvu kubwa na bomba la mafuta upande wa Changamwe.

Ufukweni na kando ya hori. Tudor, Mtwapa, Port Reitz: mstari wa maji kupwa si mpaka, kinachohesabiwa ni alama ya maji kujaa, na juu yake kuna ukanda usiojengwa. Mikoko haikatwi kwa kibali cha kaunti. Hapa NEMA huwa na sauti kubwa kuliko mtu mwingine yeyote.

Mji wa Kale. Ni eneo la uhifadhi, na Fort Jesus iliyo mlangoni mwake imo katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO tangu 2011. Kabla ya kaunti, ongea na ofisi ya uhifadhi wa Mji wa Kale iliyo chini ya Makumbusho ya Kitaifa. Roshani, mlango wa nakshi, urefu wa jengo, aina ya madirisha, hata kubandua lipu ya zamani: yote ni ya kuulizia. Anayetaka kubomoa na kuinua ghorofa tano ajipange kusikia hapana. Na rangi pia, msidharau; wenye majengo ya katikati ya mji wanakumbuka amri ya 2018 ya nyeupe na bluu.

## Hatua ya 4: Wataalamu na ramani

Ramani ya usanifu lazima itoke kwa msanifu majengo aliyesajiliwa na BORAQS, bodi ya wasanifu, na ile ya miundo kwa mhandisi aliyesajiliwa na EBK, bodi ya wahandisi. Mchoraji hodari asiyesajiliwa anaweza kukuchorea nyumba nzuri, ila hawezi kuiwasilisha.

Hapo ndipo hutokea biashara ya muhuri wa kukodi: mchoraji anachora, msanifu asiyekiona kiwanja anagonga muhuri. Ramani inaweza kupita. Lakini siku mhandisi wa kaunti akiuliza swali kuhusu nguzo, au ufa ukitokea, huna mtu wa kumpigia simu. Bodi zote mbili zina orodha za wanachama mtandaoni. Tafuta jina, angalia kama ameruhusiwa kufanya kazi mwaka huu, kisha ongea naye mwenyewe, usipitie kwa mtu wa kati.

Seti ya kawaida ina ramani ya mahali kiwanja kilipo, ramani ya kiwanja ikionyesha nyumba na umbali wake kutoka kila mpaka, ramani ya kila ghorofa, paa, mikato miwili, sura zote nne za nje, jedwali la milango na madirisha, na mchoro wa maji taka. Mhandisi anaongeza msingi, nguzo, boriti, slabu, ngazi na hesabu zake. Kwa ghorofa, tarajia kuulizwa ripoti ya udongo. Kisiwa chetu kimekaa juu ya mwamba wa matumbawe, na mwamba huo una mapango. Shimo moja linaweza kugonga mwamba mgumu na la pili, hatua chache pembeni, likatumbukia kwenye uvungu.

Mwambie mhandisi akuonyeshe ameandika unene gani wa zege la kufunika vyuma. Hewa ya chumvi hula chuma, na mchoro ulioazimwa kutoka nyumba ya bara hautoshi hapa. Kanuni Mpya za Kitaifa za Majengo za 2024, zilizoanza kutumika Machi 2025, zimechukua mahali pa zile za 1968. Mtaalamu anayekunukulia za zamani muulize maswali zaidi.

Maji taka yanastahili aya yake. Sehemu kubwa ya Mombasa haina mabomba ya maji taka, kwa hiyo afisa wa afya ya umma ataangalia tangi la septiki na shimo la kunyonya kabla ya kuangalia uzuri wa veranda. Matumbawe yana matundu madogo mengi: uchafu unapita haraka na kuingia kwenye visima, na nyumba nyingi zinakunywa au kuogea maji ya kisima. Chora kisima chako na cha jirani kwenye ramani ya kiwanja, na uonyeshe umbali wake kutoka shimo. Usipochora kisima ukidhani wataona kiwanja hakina, mkaguzi akifika atakiona.

Kabla ya kupokea ramani, tazama kile kisanduku cha kona ya chini kulia kwenye kila karatasi. Kwenye karatasi ya kwanza mara nyingi kiko sawa. Kwenye ya sita utakuta jina la mteja wa zamani wa ofisi ile, kwa sababu mchoraji alinakili faili. Jina, namba ya kiwanja, tarehe, kipimo cha mchoro, saini, muhuri. Kagua karatasi zote, moja moja.

## Hatua ya 5: NEMA

Ombi hili linaweza kwenda sambamba na ramani. Tangu mabadiliko ya 2019, miradi imegawanywa katika hatari ndogo, ya kati na kubwa. Nyumba ya familia moja kwenye kiwanja cha kawaida huangukia hatari ndogo na huhitaji ripoti fupi. Mradi mkubwa wa nyumba nyingi, au ulio kando ya bahari, utapanda daraja na kudai uchunguzi mrefu.

Ripoti huandikwa na mtaalamu wa mazingira mwenye leseni ya NEMA. Mpe ramani ya mwisho, ile itakayowasilishwa kaunti. Ripoti ikisema ghorofa mbili na ramani ikiwa na tatu, umerudi kwenye lile tatizo la karatasi zinazopingana.

## Hatua ya 6: Kuwasilisha na kulipa

Ombi hupitia mfumo wa kaunti wa mtandaoni, kwa akaunti ya mtaalamu wako. Mwambie akupe namba ya ombi siku hiyo hiyo, na akuonyeshe ukurasa wenye orodha ya faili zilizopakiwa. Wapo waliongoja miezi wakidhani ramani iko mezani kwa afisa, kumbe ilikuwa bado rasimu kwenye kompyuta ya mchoraji.

Mfumo hutoa bili. Viwango hutokana na Sheria ya Fedha ya kaunti ya mwaka husika na hutegemea ukubwa na aina ya jengo, kwa hiyo bei aliyokutajia aliyejenga miaka mitatu iliyopita si ya kutegemea. Hakikisha eneo la sakafu lililo kwenye bili ni lile lililo kwenye ramani.

Onyo. Lipa kwa namba ya malipo iliyo kwenye bili pekee. Hakuna ada ya kibali inayotumwa kwa namba ya simu ya mtu, awe karani, dalali au "mtu wetu wa ndani". Muhuri bandia unapatikana kwa bei rahisi mjini, na hugunduliwa siku mkaguzi anapoingiza namba ya kibali kwenye mfumo na kukuta haimo.

Kuhusu wakati: ukiwasilisha Januari, kibali kinaweza kukuangukia wakati wa masika, na msingi uliochimbwa Aprili ni bwawa la kufugia vyura. Anayeweza kupanga, awasilishe kati ya Mei na Juni, achimbe Agosti au Septemba kabla ya vuli.

## Hatua ya 7: Kungoja na kujibu

Ombi huzunguka: mipango, usanifu, miundo, afya ya umma, barabara, zimamoto kwa majengo makubwa. Idara moja ikiuliza swali, nyingine zinaweza kuwa zimeshakubali. Kwa hiyo usifute na kuanza upya. Jibu lile swali, pakia karatasi iliyorekebishwa tu, na uambatanishe barua fupi inayotaja swali na ukurasa lilipojibiwa.

Sheria inasema usipopata jibu la maandishi ndani ya siku 60, kibali kitahesabika kimetolewa. Baadhi ya watu hulishika neno hilo na kuita tingatinga siku ya 61. Mimi nisingefanya hivyo. Swali lililotumwa kwenye mfumo ni jibu la maandishi, hata kama mtaalamu wako hakulifungua. Kama kweli hakuna chochote kilichotumwa, andika barua ukitaja namba ya ombi na tarehe, ipeleke mkononi, upewe nakala iliyogongwa muhuri wa kupokelewa. NCA, mamlaka ya ujenzi utakayoiona hatua ya 8, nao watataka kuona ramani zenye muhuri wa kaunti, na kimya hakigongwi muhuri.

Ukikataliwa, lazima upewe sababu kwa maandishi. Una siku 14 za kukata rufaa kwa kamati ya kaunti inayosikiliza rufaa za mipango, na ukishindwa hapo, kuna Mahakama ya Mazingira na Ardhi. Rufaa inafaa pale unapoamini afisa amekosea sheria. Kama kosa ni karatasi iliyopungua, rekebisha na uwasilishe tena. Ni haraka na rahisi kuliko wakili.

Ramani ikipita, utapata taarifa ya idhini pamoja na masharti, na ramani zenye muhuri. Yasome masharti yote. Humo ndimo mlimo muda wa kuanza na kumaliza kazi, na mambo kama "wasilisha mchoro wa kina wa tangi kabla ya kuanza".

## Hatua ya 8: NCA, kisha jembe

Kibali cha kaunti hakijakuruhusu kuchimba. Mradi husajiliwa kwanza na Mamlaka ya Kitaifa ya Ujenzi, NCA, mtandaoni. Watataka ramani zilizopitishwa, vyeti vya wataalamu, leseni ya NEMA na mkataba na mkandarasi aliyesajiliwa. Wakandarasi wamepangwa kuanzia NCA 1, wakubwa kabisa, hadi NCA 8. Hakikisha daraja lake linaruhusu thamani ya kazi yako.

Fundi wako wa miaka yote anaweza kubaki kazini, ila chini ya mkandarasi, na yeye mwenyewe apate kadi ya ufundi ya NCA.

Weka bango mbele ya kiwanja lenye mradi, namba za vibali na majina ya wataalamu. Ndani ya kibanda cha kazi weka seti ya ramani zenye muhuri, zimefungwa ndani ya plastiki. Wakaguzi wakija na kukuta fundi anasoma nyumba kutoka picha ya WhatsApp, kazi inasimama.

## Hatua ya 9: Ukaguzi na cheti cha kuhamia

Kaunti na mhandisi wako hukagua kwa hatua: kupanga nyumba ardhini, mitaro ya msingi, vyuma kabla ya zege, kila slabu, mabomba ya maji taka kabla ya kufukiwa. Omba ukaguzi mapema, kwa maandishi, na usimwage zege kabla haujafanyika. Mhandisi akimaliza, atie saini na tarehe kwenye kitabu cha mradi palepale, si wiki ijayo ofisini.

Ukitaka kubadilisha kitu katikati, kuongeza chumba au kusogeza ngazi, peleka ramani ya marekebisho kwanza. Dirisha kugeuka mlango ni dogo. Ghorofa ya ziada juu ya msingi wa ghorofa mbili ni ombi jipya, na mhandisi ndiye wa kusema kama nguzo zitabeba.

Kazi ikiisha, wataalamu hutoa taarifa ya kukamilika, kaunti hufanya ukaguzi wa mwisho, kisha hutoa cheti cha kuhamia. Wengi huliruka hili kwa kuwa wapangaji wameshaanza kuulizia vyumba. Cheti hicho ndicho benki, bima na mnunuzi wa baadaye watakachokiomba, na kukitafuta baada ya miaka kumi, mhandisi ameshahama na kitabu cha mradi kimeliwa na mchwa, ni kazi ngumu kuliko kupitisha ramani yenyewe. Kifungie pamoja na hati, ramani zenye muhuri na ramani ya jengo kama lilivyojengwa, si kama lilivyochorwa. Nakala nyingine iweke kwenye barua pepe yako, kwa sababu mwanao atakapotaka kuongeza ghorofa, karani wa kwanza atakayemwona ataanza kwa kuomba hizo.